Arogyavardhini: vidonge vimesafiri, masharti yamebaki India

Kidonge cha Arogyavardhini ukikigawa mafungu 44, fungu moja ni zebaki. Wala hizi si fitina za madaktari wa hospitali, ndo fomula yenyewe ilivyoandikwa kwenye kitabu rasmi cha serikali ya India cha dawa za ayurveda, ile tiba yao ya jadi: zebaki iliyosafishwa fungu 1, salfa fungu 1, majivu ya chuma 1, majivu ya ulanga 1, majivu ya shaba 1, halafu yale matunda matatu ya triphala mafungu mawili mawili kila moja, shilajit (lami inayotoka kwenye miamba) 3, utomvu wa guguli 4, mzizi wa chitraka 4. Jumlisha hapo, unapata 22. Kisha unaweka kutki, mzizi mchungu kweli kweli wa milima ya Himalaya, mafungu mengine 22, yaani huo mmoja peke yake unalingana uzito na vyote vilivyotangulia. Vinasagwa pamoja na maji ya majani ya mwarobaini, vinaviringishwa vidonge, kazi imeisha.

Sasa linganisha hiyo orodha na maneno ya matangazo yanayozunguka kwenye magrupu: inasafisha ini, inayeyusha mafuta, inashusha kolesteroli, inarekebisha sukari, ni ya asili tupu, haina kemikali hata kidogo. Haina kemikali! Zebaki, salfa, shaba na chuma vimo humo ndani kwenye kidonge kimoja na mtu anakuapia haina kemikali.

Mimi sipo kwenye lile kundi la wanaosema tiba za Wahindi zote ni ushirikina, na sipo kwa wale wa "bibi zetu walitumia na hawakufa" (wengi walikufa bana, hatukuwaandika tu). Ninachosema ni kwamba hii dawa kule kwao ina mfumo mzima umeizunguka, ina mtu wa kuiandika, ina namna ya kuitengeneza, ina muda wa kuacha, ina vyakula vya kuepuka. Tunacholetewa huku ni kichupa. Masharti hayakupanda ndege.

Tuangalie inakotoka. Ayurveda ina tawi lake linaitwa rasa shastra, ni elimu ya kutengeneza dawa kwa kutumia madini, hasa zebaki. Arogyavardhini imo kwenye kitabu kinaitwa Rasaratnasamuccaya, cha karne ya 13 hivi, na ukienda kuisoma pale unakuta imewekwa kwenye tiba ya magonjwa ya ngozi, yale sugu ya kutisha. Mambo ya ini na mafuta yakapewa uzito zaidi baadaye, kadiri waganga walivyoendelea kuitumia. Hilo peke yake si kosa, hata dawa za hospitali zinabadilishiwa kazi kila siku, ila ujue tu kwamba anayekwambia "imetibu ini lenye mafuta kwa miaka elfu tano" anakuuzia stori, maana hata kitabu chenyewe hakijafikisha elfu moja.

Na utengenezaji wake si wa mchezo. Zebaki haiingii mbichi. Kwanza inasuguliwa na vitu kama kitunguu saumu na chumvi ya mawe, inaoshwa, ndo inahesabika imesafishwa. Halafu inasagwa na salfa kwenye kinu cha jiwe, masaa kwa masaa, mpaka ile fedha inayong'aa ipotee kabisa na ubaki na unga mweusi laini kama masizi. Unga huo wanauita kajjali. Fundi anauchukua kidogo anaupeleka juani, akiona hata chembe moja inametameta anarudi kwenye kinu. Anausugua kati ya vidole viwili aone kama unaingia kwenye mistari ya ngozi ya kidole. Majivu ya shaba nayo yana mtihani wake, unayachanganya na mtindi unaacha, yakitoa rangi ya kijani au bluu basi shaba haijaiva, rudisha motoni. Zile tanuri zao za jadi ni shimo lililojazwa mikate ya kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, na kuna majivu yanachomwa mara nyingi sana kabla hayajakubalika.

Kikemia maana yake ni hii: zebaki ikishikana na salfa inakuwa sulfidi ya zebaki, kitu kinachoyeyuka kwa shida mno, na utumbo unafyonza kidogo sana ukilinganisha na chumvi nyingine za zebaki au ile zebaki inayopatikana kwenye samaki wakubwa. Kwa hiyo mabingwa wa rasa shastra wanaposema "zebaki yetu siyo ile zebaki mnayoiogopa" hawadanganyi moja kwa moja, wana hoja pale. Lakini hoja hiyo inasimama juu ya mguu mmoja tu, nao ni kwamba kazi ifanyike sawasawa, kila bachi, na kila kiwanda. Fundi wa kinu anayekagua juani namwamini kiasi. Kichupa kilichopita mikono sita mpaka kufika hapa, namwamini nani?

Wahindi wenyewe wanalijua hili, ndo kitu kinachonishangaza kuliko vyote. Kanuni zao za dawa za mwaka 1945, zilizotungwa chini ya sheria ya 1940, zina jedwali maalumu linaloorodhesha sumu zinazotumika kwenye ayurveda, na zebaki imo. Dawa ya kumeza yenye kitu cha kwenye jedwali hilo inatakiwa lebo yake iandikwe onyo, kwa Kiingereza na Kihindi, kwamba itumike chini ya uangalizi wa daktari. Onyo hilo lipo kwa ajili ya mtu wa kule, mwenye mganga wa ayurveda aliyesomea chuo miaka mitano na kitu. Huku kwetu muuzaji anapiga picha upande wa mbele wa kichupa tu, wenye jani la kijani, ule wenye maandishi madogo hauonekani.

Haya, je inafanya kazi? Hapa inabidi tuwe wakweli kwa pande zote mbili. Kitu chenye ushahidi wa maana humo ndani ni kutki. Mwaka 1996 watafiti wa India walitoa utafiti wao, wagonjwa 33 wenye homa ya ini kali ya virusi, isiyo ya hepataitisi B, 15 wakapewa unga wa kutki miligramu 375 mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, 18 wakapewa unga usio na dawa, na hakuna aliyejua nani kapewa nini. Ule umanjano, yaani bilirubini kwenye damu, ulichukua kama siku 27 kushuka kwenye kiwango walichokiweka kwa waliopata kutki, na kama siku 76 kwa wengine. Tofauti kubwa hiyo, huwezi kuibeza. Ila ni watu 33 jamani, na ugonjwa wao ulikuwa homa ya ini ya virusi, ambayo kwa wengi inaondoka yenyewe hata usipomeza chochote. Haikuwa ini lenye mafuta, haikuwa kisukari, haikuwa kitambi. Na zaidi ya yote walipewa kutki peke yake, hapakuwa na zebaki wala shaba.

Hapo ndo mimi napata swali ambalo sijaona muuzaji analigusa. Kama nusu ya kidonge ni kutki na kutki ndo yenye ushahidi, kwa nini nimeze na hiyo nusu nyingine? Mtu wa rasa shastra atakujibu kwamba madini ndo yanabeba dawa na kuifikisha inakotakiwa, bila hayo mimea inakuwa dhaifu. Sawa, ni nadharia, inaweza kupimwa: kundi moja kidonge kamili, kundi lingine kidonge bila madini, kundi la tatu vidonge hewa visivyo na dawa. Kipimo cha namna hiyo ndo kingenifanya nikae kimya.

Kuna utafiti wa New Delhi wa 2012 unaopenda kutajwa, watu 96 wenye mafuta mabaya kwenye damu walipewa unga wa gome la arjuna wiki tatu kisha Arogyavardhini wiki nne, na mafuta yakashuka. Vizuri, ila hapakuwa na kundi la kulinganisha, na mtu yeyote aliyewahi kuambiwa "tunakufuatilia mafuta yako" anajua kinachotokea, chipsi zinapungua zenyewe. Wakati huohuo guguli, ule utomvu unaotajwa kila mara kwamba ndo unaoyeyusha kolesteroli (ni ndugu wa manemane, mti wa jamii moja, unaota Rajasthan na Gujarat na umevunwa mpaka uko hatarini kutoweka), ulijaribiwa Marekani mwaka 2003 kwa watu 103 kwa wiki nane. Kolesteroli mbaya haikushuka. Ilipanda, kama asilimia 4 hadi 5, wakati waliopewa vidonge hewa yao ilishuka asilimia 5. Na baadhi walipata vipele mwilini. Kwa hiyo kile kipengele cha "inashusha mafuta ya damu" hakina mguu wa kusimamia hapo, na wanaokitaja kila siku hawautaji utafiti huo.

Turudi kwenye zebaki tupige hesabu, maana watu wanasema "ni kidogo tu". Kidonge cha miligramu 250, gawa kwa 44, ni kama miligramu 5.7 za zebaki. Ukimeza viwili asubuhi viwili jioni, dozi ya kawaida tu inayoandikwa kwenye matangazo, unafika kama 23 kwa siku. Kamati ya pamoja ya FAO na WHO mwaka 2010 iliweka kikomo cha zebaki isiyo ya samaki kwenye chakula, mikrogramu 4 kwa kila kilo ya mwili kwa wiki. Mtu wa kilo 70 ni mikrogramu 280 kwa wiki, sawa na 40 kwa siku. Mikrogramu siyo miligramu. Maana yake dozi hiyo ina zebaki mara mia tano na kitu ya kikomo. Najua wataalamu watanikaba hapa, na wana haki, kikomo kile kilitokana na panya waliopewa kloridi ya zebaki ambayo inafyonzwa kirahisi zaidi kuliko sulfidi, kwa hiyo huwezi kulinganisha moja kwa moja. Nakubali. Lakini unapocheza na namba iliyozidi kikomo mara mia tano, usalama wako wote unategemea kwamba ule unga ulisagwa mpaka chembe ya mwisho, na walioathirika zaidi kwenye majaribio yale ni figo, kiungo ambacho hakikupi dalili mapema hata siku moja.

Na viwanda vinasaga sawasawa? Hapa ushahidi upo. Mwaka 2004 ulitoka utafiti wa dawa 70 za ayurveda zilizonunuliwa kwenye maduka ya Wahindi eneo la Boston, Marekani, 14 zikakutwa na risasi, zebaki au aseniki, yaani moja kati ya tano. Mwaka 2008 ukatoka mwingine wa dawa 193 zilizonunuliwa mtandaoni, zikatoka karibu namba ileile, asilimia 20.7. Za rasa shastra zilikuwa asilimia 40.6. Baadhi zingempa mtumiaji risasi au zebaki mara mia moja mpaka mara elfu kumi ya kinachokubalika. Halafu kitu kilichonichosha kabisa: asilimia 75 ya zile zilizokutwa na metali zilikuwa zinajitangaza kwamba zimetengenezwa kwa viwango bora vya uzalishaji. Kwa hiyo ile mihuri mizuri mizuri kwenye lebo isikubabaishe. Angalia pia kwamba risasi haimo kabisa kwenye fomula ya Arogyavardhini. Ikikutwa ndani ya kichupa chake imeingia kwa uchafu wa malighafi au mitambo, na hapo hata mabingwa wa jadi hawana utetezi.

Shaba na chuma navyo watu wanavipita haraka. Ini ndo linalotoa shaba ya ziada mwilini kupitia nyongo. Kuna watu wanazaliwa na ugonjwa wa Wilson, ini lao haliwezi kuitoa hiyo shaba, inajaa humo humo mpaka inaliua, na wengi hawajui mpaka ukubwani, dalili ya kwanza inaweza kuwa tu vimeng'enya vya ini vimepanda. Sasa mtu kama huyo anaona vipimo vyake vibaya, anaingia mtandaoni, anauziwa dawa ya ini yenye majivu ya shaba. Chuma ni hivyo hivyo kwa wenye tatizo la chuma kujikusanya. Dawa ya ini inayobeba metali ambazo ini gonjwa ndo linashindwa kuzihimili, sijui niseme nini.

Mtu atasema basi tutumie mimea tu tuache madini. Ni afadhali, ila mimea nayo siyo maji. Kipindi cha korona India nzima ilikuwa inakunywa mmea unaoitwa giloy kuongeza kinga, na kati ya Septemba na Desemba 2020 madaktari wa Mumbai wakapokea wagonjwa sita ambao maini yao yaliumia baada ya kuitumia, wengine walikuwa na tatizo la kinga kushambulia mwili bila kujua. Wizara ya AYUSH, ile ya India inayosimamia tiba za jadi, ikaja juu, ikasema giloy ni salama na huenda watu walichanganya na mmea mwingine unaofanana nao. Hata kama wizara ilikuwa sahihi, hebu fikiria maana yake: Mhindi, kwao, kwenye soko lake, anaweza kuchanganya mmea. Wewe wa Kariakoo au Eastleigh unayepokea unga kwenye mfuko wa plastiki je?

Nakiri kuna sababu ya haki inayowapeleka watu huko. Ukienda hospitali ukaambiwa una mafuta kwenye ini, kwa miaka mingi ulichokuwa unapewa ni "punguza uzito, fanya mazoezi" na karatasi ya kurudi baada ya miezi sita. Hakukuwa na kidonge. Dawa ya kwanza ya ini lenye mafuta lililoanza kupata makovu iliidhinishwa Marekani Machi 2024, na usiulize bei. Ushauri wa uzito ni wa kweli kabisa, ukipunguza asilimia 7 hadi 10 ya kilo zako ini linapata nafuu inayoonekana, lakini daktari anausema kwa dakika mbili huku anaita mgonjwa mwingine, wakati muuzaji wa mtandaoni anakusikiliza saa nzima, anakuuliza unalalaje, unapata choo vipi, anakutumia voisi noti usiku. Mtu anamnunua muuzaji kabla hajainunua dawa. Mahospitali yetu hayataki kulisikia hili.

Ila huruma hiyo isitufumbe macho kwenye biashara. India yenyewe mwaka 2024 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi iliikalia kooni kampuni ya dawa za ayurveda ya Patanjali kwa matangazo ya kuponya magonjwa kama kisukari na presha, mpaka Aprili wakatoa tangazo la kuomba radhi kwenye magazeti. Wana sheria tangu 1954 inayokataza kutangaza dawa za miujiza kwa orodha ya magonjwa. Sisi Tanzania tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002 na baraza lake, tuna TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, lakini kichupa kilichokuja kwenye begi la mtu aliyetoka kutibiwa Chennai, au kilichotumwa na shemeji aliyeko Dubai, hakipiti mezani kwa yeyote. Kinapita getini kama zawadi, wiki inayofuata kipo Instagram na bei yake.

Na kinachoua maini ya watu wa ukanda huu hata hakimo kwenye matangazo yao. Ni hepataitisi B, ambayo ina chanjo na ina dawa za kuituliza, na wengi wanayo bila kujua. Ni pombe. Ni sumukuvu kwenye mahindi na karanga, iliyoua watu 125 Kenya mwaka 2004 na ikarudi Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mtu mwenye hepataitisi B anaweza kumeza Arogyavardhini miezi sita, akajisikia mwepesi kwa sababu triphala inamfungua choo kila asubuhi, akahesabu kwamba ini linasafishika, na virusi vinaendelea na shughuli zao kimya kimya. Mwenye hepataitisi B kila mwezi anaochelewa kupima ni hasara.

Kama umeshaanza kuitumia, usione aibu na usifiche. Chukua kichupa chenyewe, siyo picha, kiende na wewe hospitali, daktari asome upande wa nyuma. Omba wapime vimeng'enya vya ini na kreatinini ya figo, na hepataitisi B kama hujawahi kupima. Zebaki ya aina hii inaonekana vizuri zaidi kwenye mkojo kuliko kwenye damu, na ni kipimo ambacho maabara nyingi za mtaani hazina, kwa hiyo itabidi uulizie kwenye maabara kubwa. Mjamzito na anayenyonyesha waache leo, hata kama vimebaki vidonge kumi na hela imeshaliwa. Na muuzaji wako mwulize kitu kimoja tu, cheti cha maabara cha bachi hiyohiyo iliyoandikwa kwenye kichupa, chenye namba za risasi, aseniki na zebaki iliyopimwa, kisha uone anakujibu nini.